Propela ya Ukutani kwa Kagiri

Nkirasha,
9 Februari 2025

Kwa shangazi yangu, Senge Nabalayo, Silanga,

Mulembe. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na goti lako limeacha kelele. Sisi huku ranchi tuko salama. Mercyline wangu anakusalimu sana. Zahanati yake ina foleni hata siku za mnada, na bado yeye ndiye nesi peke yake. Jua ni kali mpaka mbuzi wanagombania kivuli cha choo. Sukuma wiki uliyotuma ilifika imenyauka, lakini tuliila kwa heshima.

Najua utauliza kwa nini sipigi simu. Netiwaki iko juu ya kilima, na juu ya kilima kuna nyati. Tena wewe mwenyewe ulisema kwenye simu naongea kama mtu anayefukuzwa. Kwa hivyo kila nikitua Wilson, Nairobi, nitamwachia fundi wetu Okello barua, na yeye akirudi kwake Ayany atakupitishia.

Sasa nina ombi. Unaikumbuka ile propela iliyotundikwa ukutani kwa Mzee Kagiri, Kawangware, juu ya televisheni, yenye saa katikati? Ile si pambo. Kagiri aliponunua ndege hii ninayomwendeshea, alipewa propela mbili. Moja iko kwenye injini. Ya pili mkewe Njambi aliipenda, ikawa saa. Mimi naihitaji hiyo.

Nikueleze kwa nini. Kila propela ina namba iliyogongwa katikati, inayosema mapanga yake yameinama kiasi gani. Yetu ni hamsini na sita. Yaani ingekuwa skrubu kwenye mbao, kila ikizunguka mara moja ingesonga mbele inchi hamsini na sita. Ukiwa tayari angani hiyo ni tamu, unakwenda mbio. Lakini wakati wa kupaa injini inalemewa, inakoroma, haifikii nguvu zake. Ile ya ukutani ni arobaini na tatu. Inauma hewa kidogo kidogo, injini inazunguka kwa nguvu zote, na ndege inaondoka chini mapema. Uwanja wetu, Senge, ni mfupi, uko nyanda za juu ambako hewa ni nyepesi, na mwisho wake kuna migunga.

Nimemwomba Kagiri mara tatu. Anasema ndege ya polepole itamtia aibu mbele ya wenzake. Wewe ulikuwa mpangaji wake kule Kongo ya Kawangware tangu nikiwa sina meno ya mbele. Atakusikiliza.

Lazima niipate kabla ya Mei. Mvua ikikata barabara, kuna abiria ambaye ni lazima nimtoe hapa kwa ndege, bila mchezo. Nimepiga hesabu. Sasa hivi ana kilo sitini na tatu, Aprili atakuwa na sitini na saba, Mei sabini.

Mwana wa ndugu yako,
Phanuel


Silanga, Kibera,
23 Februari 2025

Phanuel, mtoto wa ndugu yangu,

Mulembe nawe. Niko mzima. Goti linasema mvua itawahi, na goti halijanidanganya kama watu wa redio. Makaa yamepanda bei. Sukuma ya kando ya dam, nusu imeliwa na konokono, nusu nimeuza. Wanja wa mlango wa pili amenunua spika kubwa ya nyimbo za injili, sasa plot nzima tunaokoka kwa lazima.

Barua yako nimeisoma, nikaiweka chini, nikatafuta miwani, nikaisoma tena. Mimi nauza makaa kwa gunia miaka yote hii, na sijaona mzigo unaoongezeka wenyewe. Gunia nikiliacha hapa Februari, nilikute Mei limeongezeka kilo saba, nitaita mchungaji. Huyo abiria wako ni nani, anayenona kwa ratiba? Au mmeanza kusafirisha ndama?

Usijibu haraka, utajikwaa. Mimi ni senge, si mgeni. Msalimie abiria, umwambie aache kubeba ndoo.

La pili. Okello alipoleta barua alikuwa na kijiti mfukoni, kina miba mirefu. Nikamuuliza ni cha nini. Akasema, "Aunty, hii nimetoa kwa wheel ya nyuma ya ndege ya Phanuel. Hata mimi nilishtuka." Halafu akaona uso wangu, akaanza kuongea mambo ya mpira.

Sasa, Phanuel, katika ukoo wetu anayeishi kwa miti iliyokatwa ni mimi. Wewe nani alikupa kibali? Tena unakata kwa ndege, wakati wenzako wanatumia panga la kawaida?

Nimeandika hivyo nikicheka, lakini Okello alipoondoka sikucheka. Niliogopa. Ndugu yangu alipofariki ulikuwa unaingia mgongoni kwangu kwa leso moja. Sikukulea ili uje uangikwe mtini kama nguo.

Kwa Kagiri nitaenda. Lakini kwanza nijue: huyo abiria ni wetu au si wetu?

Senge wako,
Nabalayo


Nkirasha,
16 Machi 2025

Kwa Senge,

Mulembe. Pole kwa kunyamaza. Ndege ilikuja Wilson mara moja hapo katikati, Okello akaniuliza kama kuna barua, nikamwambia sina. Barua ilikuwepo, ila ilikuwa na salamu peke yake.

Huku ni vumbi tu. Punda milia waliingia kambini wakala soksi zangu zilizoanikwa. Mercyline ana nguvu, na hiyo ndoo ameacha. Nimekuwa mchota maji.

Kuhusu mgunga. Lilikuwa tawi la juu tu. Nilikuwa na mzee aliyevunjika mguu, kiti cha nyuma, na jua lilikuwa kali, ndiyo saa hewa inakuwa hafifu kabisa. Ndege hii, kama unavyojua, ikiwa chini inakaa pua juu, mkia umelala kwenye kigurudumu kidogo, na rubani haoni mbele. Mkia ukiinuka ndipo unaona. Basi mkia ukainuka vizuri, nikaona, na nilichoona ni migunga. Magurudumu ya mbele yalikuwa bado yanadunda. Tuliondoka mwisho kabisa. Yule mzee aliniuliza kama huwa tunapita karibu hivyo ili wageni waone maua. Nikamwambia ndiyo.

Kuhusu abiria. Ni wetu. Ni Mercyline.

Unakumbuka mwaka juzi tulivyofurahi. Ulipika, ukaita watu wa kanisa, plot nzima ikajua. Halafu mimba ikaharibika, na ikabidi nizunguke tena mlango kwa mlango nikiwaambia watu haipo. Hiyo safari ya pili ndiyo siwezi kuirudia. Naogopa, Senge. Nimeogopa mpaka nikamwita mke wangu abiria.

Utasema aje sasa hivi. Nimesema hivyo mpaka sauti ikakauka. Daktari anataka mwezi wa mwisho akae karibu na hospitali, na Mercyline amekubali, ila haondoki kabla nesi wa kumshikia nafasi hajafika. Ameahidiwa mwanzo wa Mei. Ukitaka kubishana naye, njia iko wazi, mimi nimeshindwa.

Na nimtendee haki Kagiri. Propela ya ukutani itatuchelewesha kweli. Angani itabidi nipunguze moto, injini isije ikazunguka kupita kiasi, na safari ikirefuka tutakula mafuta zaidi. Lakini kawia ufike. Ile ya mbio haina faida kama itaishia mgungani.

Tafadhali usimwambie mtu. Hata Kagiri. Hata Wanja, najua ni vigumu.

Phanuel


Silanga,
6 Aprili 2025

Phanuel mwanangu,

Mulembe, wewe na abiria. Nilisoma barua yako nikalia kidogo, kisha nikaenda kufungua kibanda, maana makaa hayajiuzi. Mvua imeanza kunyunyiza. Wanja ananiuliza kwa nini siku hizi natabasamu peke yangu. Nimemwambia ni meno mapya. Sina meno mapya.

Jumapili iliyopita nilitoka kanisani na lile gauni langu la bluu, nikanunua mkungu wa ndizi, maana siwezi kuingia kwa mtu mkono mtupu, nikaenda Kawangware. Plot yetu ya Kongo imekuwa ghorofa. Mahali ulipoangukia mtaro sasa pana kinyozi.

Kagiri alifurahi kweli. "Nabalayo! Umepotea sana. Ingia, keti." Njambi akaleta chai. Na propela ilikuwa pale juu, imeng'arishwa mpaka nikajiona ndani yake, nimerefuka kama masufuria yaliyopangwa moja juu ya jingine.

Nikauliza, "Hiyo saa inasema saa ngapi?"

"Saa nane," akasema Kagiri.

"Sasa ni saa kumi."

Njambi akasema, "Betri iliisha Krismasi."

Basi nikaona mlango. Nikamuuliza Kagiri, "Ile pickup yako ukiijaza mbolea, upande pale penye tope, unaanza na gia gani?"

"Ya kwanza."

"Si ungeanza na ya nne ufike haraka?"

Njambi alicheka mpaka chai ikamwagika. Kagiri akasema, "Hiyo ni gari, Nabalayo. Ndege ni kitu ingine. Unataka watu wangu waseme Kagiri anaruka kama kuku?"

Nikamwambia, "Kuku akifukuzwa anafika juu ya mgunga. Ndege yako imeshindwa."

Hilo lilimuuma, lakini bado akakataa. Akasema Phanuel ni rubani mzuri, hubeba watu wepesi, wagonjwa huwa hawana uzito, na hizo kelele ni za vijana. Nikanywa chai yangu. Nikafikiria nitamwambia nini, maana sababu yenyewe umenifunga mdomo. Kisha nikamwambia jambo lingine, ambalo sitakuandikia. Kagiri akaweka kikombe chini. Akaniangalia kuanzia kilemba mpaka viatu. Akaenda kuleta ngazi.

Njambi ameng'oa saa yake na amesema ukuta hauwezi kubaki uchi, atatundika picha ya harusi ya Tracy wao. Pickup ilituleta mpaka Ayany, mimi nikiwa nyuma nimeishika propela isigongwe. Vijana wa stage wakapiga kelele, "Mathe, hiyo fan ni ya wapi?" Nikawaambia ni ya kanisa. Mmoja akasema hilo kanisa lazima lina joto.

Okello ameichunguza kila mahali kwa lenzi, akapima mapanga, akasoma karatasi zake. Anasema iko sawa na inaruhusiwa kwa injini yenu. Ukija ataifunga.

Na Mercyline mwambie nimesema hivi: nesi asiyejitunza ni kama mpishi anayelala njaa. Asiponisikia nitakuja mwenyewe.

Senge wako,
Nabalayo


Nkirasha,
27 Aprili 2025

Senge wangu,

Mulembe. Mercyline amesoma hayo maneno ya mpishi, akakasirika, kisha akalala mchana kwa mara ya kwanza tangu tuoane. Usiache kuandika.

Propela imefungwa. Niliporudi nayo kutoka Wilson nilichelewa mpaka wapishi wakadhani nimelala njiani. Kweli ni ya polepole. Lakini ngoja nikuambie ya kupaa.

Nilijaza mchanga kwenye magunia, kilo sabini, nikayafunga mkanda kiti cha nyuma. Mercyline akaja kuangalia, akasema huo mchanga una tumbo kumshinda. Pembeni mwa uwanja nina jiwe jeupe. Sheria yangu ni kwamba nikilifikia magurudumu yakiwa bado chini, nafunga moto, nasimama. Na ile hamsini na sita tulikuwa tukifika pale jua likiwa kali, bado tunadunda, na siku ya yule mzee nilivunja sheria yangu mwenyewe. Safari hii nilisubiri joto likolee makusudi. Nikasukuma mkono wa moto mpaka mwisho, injini ikapiga kelele ya kweli, sijawahi kuisikia hivyo. Mkia ukainuka. Nikaanza kuomba, na kabla sijafika katikati ya sala tulikuwa hewani, na jiwe liko mbele bado. Migunga niliitazama kutoka juu. Kuna kiota kikubwa pale, miaka yote hii sikuwahi kukiona.

Basi nikapanda kilimani kumshukuru Kagiri kwa simu. Nyati hawakuwepo. Kagiri akaniuliza kwa sauti ya huruma, "Phanuel, usinifiche, aunty yako ni kilo mia moja na kumi na nane kweli?"

Nikamwambia sijui anasema nini.

"Alisimama hapa kwa mizani ya Njambi, mbele ya watu wote. Akasema anakuja kukuona Mei, na anataka kutoka huko akiwa mzima. Mimi ningefanya nini? Kifo cha Nabalayo kiwe juu yangu?"

Njambi akasikika nyuma yake akisema, "Mwambie alikuwa ameshika zile ndizi. Na mkoba. Na koti ya Kagiri."

Senge! Wewe ambaye kliniki unamwambia nesi aandike kilo zako bila kutamka! Nilicheka mpaka nikakaa kwenye nyasi. Halafu kicheko kikaisha, nikabaki nimekaa pale. Uliubeba uzito wa mke wangu kwa jina lako mbele ya watu wa Kawangware, ili siri yangu ibaki siri. Nakupenda, Senge. Sijawahi kuliandika, na kwenye simu nisingeweza.

Sasa mambo yamefika. Mvua imekata barabara. Nesi mpya amekwama ng'ambo ya mto. Nitamfuata kwa ndege, nimlete hapa, kisha asubuhi ya kwanza uwanja ukikauka nimtoe Mercyline. Nimepunguza mizigo yote, nitabeba mafuta ya kutosha safari hiyo ndefu na akiba yake, na ukiona nimekonda jua na mimi nimejipunguza. Tandika kitanda. Ukisikia ndege ndogo inayopiga kelele nyingi na kwenda taratibu, ni sisi.

Phanuel


Silanga,
1 Juni 2025

Phanuel,

Mulembe. Kwanza salamu. Mimi mzima, goti zima, Okello mzima. Kagiri na Njambi wanakusalimu. Dam imejaa, sukuma ya kando imezama yote, na konokono safari hii wamekosa kama sisi. Spika ya Wanja iliingia maji, akaombewa, ikapona.

Najua unaruka mistari. Rudi usome salamu kama watu.

Umerudi? Haya. Nimekupigia simu mpaka kidole kikachoka, lakini wewe uko chini ya kilima na mvua imekufungia huko na ndege yako. Okello amepata rubani wa helikopta anayepita kwenu kesho, ndiye atakayekupa hii.

Ni msichana. Amezaliwa Alhamisi alfajiri, hospitalini, bila shida kubwa. Mama yake mzima, anakula kama mtu aliyetoka kulima. Mtoto ana vidole vyote, nimekagua, na ana paji la uso la ndugu yangu mpaka nikamshika nikamsimulia bei ya makaa. Kwetu mtoto wa mvua huitwa Nafula, basi ndivyo ninavyomwita mimi. Jina lingine mtachagua wenyewe.

Siku ile ulipomshusha Wilson ukanywa chai umesimama, ukarudi na mawingu yako, sikukuuliza kitu. Mercyline ameniambia baadaye. Anasema aliiona migunga ikipita chini, mbali, kisha ukaanza kuimba wimbo wa kanisa kwa nguvu kushinda injini, ukasahau ubeti wa pili ukarudia wa kwanza. Akanyoosha mkono akakugusa bega, na shati lilikuwa limelowa chepechepe. Akaona uendelee kuimba tu. Nimefurahi aliniambia. Nilitaka kujua kwamba uliogopa na bado ukamfikisha.

Sasa, kuna shida moja, nayo ni yako. Uliniambia nisimwambie mtu, na sijamwambia. Wiki zote alizokaa hapa nilimvika magauni yangu, watu wakasema ranchi kuna nyama nyingi. Habari hii ni yako kuitangaza. Wewe ndiye uliyezunguka milango hii na huzuni, kwa hivyo wewe ndiye utakayeizunguka na mtoto mkononi. Siwezi kukuibia hiyo. Watu wakiuliza nafunga mdomo, na hujui inavyoniuma.

Lakini Nafula hakuahidi kitu, na ukuta wetu ni mabati. Jana usiku alilia mpaka mbwa wakajibu. Asubuhi Wanja akasimama mlangoni. "Nabalayo, ni nini inalia kwako?"

Nikamwambia ni paka.

Akanitazama sana. Akaenda kwake. Akarudi na maziwa kwenye kisahani, na juu ya mkono ana sweta ndogo ya sufu, nyeupe, yenye kofia. Akanipa vyote viwili, akasema paka wa msimu wa mvua husikia baridi.

Senge wako,
Nabalayo